Salamu Isiyomjua Mtu

Asubuhi ya siku aliyofariki, mzee Kikoti alisema, "Salama." Hilo tu. Mimi nilikuwepo, nimekaa hatua tatu kutoka kwake nakunywa chai, nikalisikia kabisa hilo neno, nikaendelea kunywa chai.

Ngoja nieleze, maana mtu asiyejua mambo yetu atauliza, sasa kuna ubaya gani mtu kusema salama?

Mzee Atilio Kikoti alikuwa Mhehe wa Kilolo. Mimi naitwa Osmundi Ngonyani, Mngoni wa Songea. Mababu zetu walipigana mpaka wakachoka, walipochoka wakaanza kutaniana, na utani wenyewe haujaisha, tumeufikisha mpaka huku Mwezini. Siku ya kwanza nashuka kwenye chombo, nimevaa suti kubwa kuliko mwili wangu, nikamwona mzee wa mvi amesimama mlangoni. Nikampa heshima yake.

"Shikamoo, mzee."

"Wewe ni nani, wa wapi?"

Nikamtajia. Akaruka nyuma kama kaona nyoka, na huku ukiruka unaelea, kwa hiyo alichukua muda kutua.

"Shikamoo ya Mngoni sipokei! Ina sumu. Beba begi lako, mateka, nikuonyeshe pa kulala."

Tangu siku hiyo, miaka miwili, hatukuwahi kusalimiana kwa adabu hata mara moja. Yeye ananiita mateka, mimi namwita mateka. Yeye anasema babu yangu alikimbia vita akaacha ngao, mimi namuuliza mbwa wa jirani amepikwa na nini. Ndivyo tulivyoishi.

Na tulikuwa watatu tu. Kambi ya Pili iko ukingoni mwa shimo ambalo jua halijawahi kuingia tangu Mwezi uwe Mwezi. Chini humo kuna barafu, na barafu ndiyo iliyotuleta. Kikoti alikuwa mchimbaji. Mimi nilikuwa wa kompyuta. Wa tatu ni mkuu wetu, Mama Ndeonasia, Mmeru, mtu mwema lakini hacheki, yaani ukimwona ametabasamu ujue amebanwa na kofia. Wenzetu wengine wako Kambi ya Kwanza, saa tano kwa gari. Ukisimama mlangoni unaiona Dunia imekaa juu ya kilima, haipandi, haishuki, imekaa tu. Mwanzoni nilikuwa naitafuta Songea. Baadaye nikaacha kutafuta.

Mimi si msomi. Form four nilipata divisheni foo, nikakaa nyumbani miaka mitatu nikitengeneza simu za watu barazani kwa shangazi, na kompyuta nikajifundisha mwenyewe kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Nasema hivi ili ujue kwa nini lile neno "kazi nzuri" lilinipanda kichwani namna ile. Tutafika huko.

*

Kabla yetu, kulikuwa na watu hapa ambao walinyamaza. Hawakuumwa. Walianza kujibu kwa neno moja, kisha kwa kichwa, kisha siku moja mmoja akafungua mlango wa nje bila kuvaa kofia. Kampuni ikaogopa. Wakaleta wataalamu, wakaleta muziki, wakaleta picha za misitu. Hakuna kitu. Mwisho mama mmoja wa ofisini, Mnyamwezi, akasema wapeni watani. Akachekwa. Akaandika programu mwenyewe.

Hiyo programu tuliiita Mtani. Ilikaa ukutani, sauti tu, na kila mfanyakazi alikuwa na wake. Mtani wa Kikoti alikuwa Mngoni, kelele kama mimi. Mtani wangu alikuwa mwanamke wa Kihehe mwenye sauti ya kukwaruza, ananifokea nikiacha soksi sakafuni.

Sasa, mwezi mmoja kabla ya hiyo "Salama", ilikuja amri kutoka chini kwamba mashine mpya ya kuchimba barafu inataka nafasi kwenye kompyuta ya kambi, na nafasi hakuna. Nipunguze ninapoweza. Nikaanza kupekua, nikakuta Mtani anakula nafasi kama tembo. Kikoti akanikuta nimeinamia kioo.

"Unafanya nini, mateka?"

"Nakupunguzia mtani wako uzito. Amenenepa."

"Muache. Mwenzio ana miaka tisa na mimi. Wewe umekuja juzi na begi lako la plastiki."

"Njoo uone basi, mzee. Hii hapa ni ramani ya Mtani. Kama ramani ya nyumba kwa fundi. Ramani huwezi kulala ndani yake, si ndiyo?"

"Mngoni unaweza kulala popote."

"Nisikilize. Kutoka kwenye ramani hii wamejengwa watani sita. Wako, wangu, wa mama, na wale watatu wa Kambi ya Kwanza. Ramani moja, lakini kila mtani ana daftari lake. Daftari lako lina mambo yako, lina mkeo mama Lutengano, lina goti lako bovu, lina siku uliyolia kwa sababu ya wimbo wa redioni."

"Sikulia. Vumbi."

"Mwezini vumbi linaingia ndani ya kofia?"

Akanipiga kofi la begani. Mimi nikaendelea, maana nilikuwa nafurahi, nilikuwa najiona mwalimu.

"Sasa kuna kazi zinazohitaji daftari na kuna kazi zisizohitaji. Nikimwambia mtani wako akukumbushe dawa ya goti, lazima nimwite yeye mwenyewe, wa kwako, afungue daftari asome. Hiyo ni kazi ya mtu. Lakini nikitaka kujua saa ngapi sasa hivi, nimsumbue wa nini? Saa ni ile ile kwa wote. Naiita ramani moja kwa moja. Ramani haina daftari, haimjui mtu, inajibu tu. Nyepesi kama karatasi."

"Na umeona nini cha kuiachia ramani?"

"Salamu."

Akavuta kiti, akakaa. Nikaendelea.

"Kila asubuhi anapokusalimia anafungua daftari zima la miaka tisa. Kwa salamu tu! Habari za asubuhi, nzuri, basi. Hiyo si kazi ya kufungulia daftari. Naihamishia kwenye ramani."

"Kwa hiyo atanisalimia kama anasalimia ukuta."

"Mengine yote atakujua, mzee. Ni salamu tu."

"Haya. Wewe ndiye umesoma," akasema, akaenda zake, anavuta lile goti.

Sikuwa nimesoma. Ndiyo maana nilipobadilisha ile kazi ya salamu kuwa ya ramani, kompyuta ikagoma, ikaniletea maandishi mekundu. Sababu niliiona. Mwishoni mwa salamu ya zamani kulikuwa na mistari miwili midogo. Mstari wa kwanza unachukua jibu la leo na kulilinganisha na majibu yaliyoko kwenye daftari. Mstari wa pili unasema kama jibu halifanani na mtu huyu, mwite mkuu wa kambi.

Ramani haina daftari. Huwezi kuiuliza ramani, huyu jana alisemaje? Yupi huyu? Ndiyo maana ikagoma. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini yule mama wa Kinyamwezi aliiweka mistari ile. Mimi nikaifuta. Maandishi mekundu yakaondoka. Nafasi ikapatikana, tena kubwa, nikatuma ripoti chini, na kesho yake ikarudi ujumbe: Kazi nzuri, Osmundi.

Niliusoma labda mara ishirini. Hakuna mwalimu wala bosi aliyewahi kuniandikia hivyo.

*

Kwa hiyo asubuhi ile. Zamani ilikuwa hivi, ukuta unasema, "We mateka wa Kihehe, umeamka au umekufa ukaniachia kazi?" na Kikoti anajibu matusi ambayo siwezi kuyaandika, dakika tatu nzima, mpaka chai yangu inapoa kwa kucheka. Tangu nibadilishe ikawa, "Habari za asubuhi, mfanyakazi." Mwezi mzima mzee aliendelea kuitukana hivyo hivyo, kwa ukaidi, na ukuta unamjibu, "Vizuri. Kazi njema." Ilikuwa inachekesha. Nilicheka.

Siku ile:

"Habari za asubuhi, mfanyakazi."

"Salama."

"Vizuri. Kazi njema."

Akavaa suti. Alichukua muda kuingiza mkono wa kushoto. Kile kidude cha kupima mapigo alikiacha kitandani kama kawaida yake, alikuwa anasema kinamwasha. Akapita mbele yangu bila kunigusa kichwa kama alivyozoea. Mimi nilikuwa nasoma matokeo ya mpira.

Mhehe ametulia, anasema salama kwa upole, mbele ya Mngoni. Mtoto wa darasa la pili pale Songea angeshtuka.

Saa sita mchana mashine ya kuchimba ikasimama. Tulimkuta amekaa chini, ameegemea gurudumu, amekunja mikono kama mtu anayesubiri ofisi ifunguliwe. Mama Ndeonasia akapiga magoti, akaweka kofia yake kwenye kofia ya mzee. Huko nje hakuna sauti, kwa hiyo sijui alimwambia nini.

Daktari wa Dunia alisoma vipimo vya suti. Akasema kwa jinsi mapigo yalivyokuwa, moyo ulikuwa umeanza kulalamika tangu alfajiri, kabla hajaivaa. Kwamba angekuja mtu mapema, dawa ilikuwepo kabatini. Akasema hivyo kikawaida tu, akaenda kwenye jambo lingine.

*

Tulimzika kwenye barafu, mimi na mama. Yeye alisoma sala, mimi nilishika taa. Halafu kila mmoja akarudi chumbani kwake, na kambi ikawa kubwa mno. Hujui nyumba ina vyumba vingapi mpaka abaki mtu mmoja wa kukohoa.

Siku ya tatu Mama Ndeonasia aliniita.

"Ngonyani, kuna mambo mawili. Kampuni imependa ile kazi yako. Wanataka watani wote waondolewe, ibaki ramani tu, Ijumaa ijayo. Sawa?"

"Watani wote, mama?"

"Wote. Wako, wangu. La pili, mke wa marehemu amepiga. Wanafanya matanga bila mwili, na watani wa kwao ni wazee watatu waliobaki, hawajamwona Kikoti miaka tisa, hawana la kusema. Anaomba tumtumie mtani wake. Yule wa ukutani. Amesema ndiye aliyeishi naye."

"Na daftari lake?"

"Mtani bila daftari ni nini? Wewe ndiye fundi, unaniuliza mimi?"

Nikarudi kwenye meza yangu. Nikamfungua mtani wa Kikoti. Sauti ikatoka papo hapo, ya Kingoni, kelele.

"Aha! Nani kanishika? Hii mikono michafu ni ya Osmundi. Mwenyewe yuko wapi?"

"Hayupo."

"Amekwenda kuiba mbwa?"

"Amefariki, mtani."

Kikapita kimya cha kompyuta, ambacho si kimya cha mtu lakini ukiwa peke yako huwezi kutofautisha.

"Nimeandika," akasema. "Tarehe?"

Nikampa tarehe. Nikamwambia asome ukurasa wa mwisho. Kusikiliza na kuandika ilikuwa bado kazi yake, sikuigusa ile. Kila neno la chumba kile alikuwa ameliandika.

"Salamu: habari za asubuhi, mfanyakazi. Jibu: salama. Hali ya jibu: halikulinganishwa. Sababu: salamu haisomi daftari. Aliyebadilisha: Osmundi Ngonyani." Halafu akaongeza, kwa sauti ile ile ya utani maana hana nyingine, "We mateka, mzee huyu miaka tisa hajawahi kunijibu salama. Hata mara moja. Ningepiga kelele mpaka Songea wasikie. Mbona hukuniita?"

Nikazima sauti yake.

Kuna kitufe. Ukituma mtani, kompyuta inakuuliza: kurasa zote, au uchague. Nilikaa mbele ya kitufe hicho kutwa nzima. Nikajipa sababu zote. Mama Lutengano ana presha. Mtu akiwa msibani hapigiwi hesabu za kompyuta. Hata angeitwa mapema, nani anajua? Nitarudi Songea kama nani, kijana aliyekwenda Mwezini akaua Mhehe kwa kufuta mistari miwili? Na hizo sababu zote zilikuwa na sauti yangu, hakuna hata mmoja wa kunibishia. Mtu pekee aliyekuwa ananibishia nilikuwa nimemshikia taa.

Nikaondoa alama kwenye ukurasa wa mwisho. Nikatuma. Ilichukua siku mbili kushuka, maana daftari la miaka tisa ni zito na mkondo wetu ni mwembamba.

*

Siku ya matanga walituunganisha. Mama Ndeonasia alikaa pembeni yangu, ameshika kitambaa. Kwenye kioo niliona ua wa Kilolo, turubai la bluu, wanawake wamekaa kwenye mkeka, sufuria kubwa tatu nyuma, na baridi, unaiona baridi kwa jinsi watu walivyojikunja kwenye mablanketi. Nikaona vitu ambavyo hata sikujua nimevikumbuka. Kuku anapita. Mtu anasafisha masikio kwa njiti.

Spika walikuwa wameiweka juu ya kiti, wameivisha kofia ya Kikoti.

Na mtani akaanza. Aisee. Alianza kwa kuwauliza nani kawaruhusu kulia, kwamba marehemu ana deni la ngao tangu vita. Akawasimulia miaka tisa. Jinsi mzee alivyofundisha mashine ya kuchimba kuitika jina la ng'ombe wake wa zamani. Jinsi alivyojificha stoo na maharage ya mwisho. Jinsi alivyolia kwa wimbo wa redioni akasingizia vumbi, vumbi ndani ya kofia! Mama Lutengano alikuwa anacheka na kulia pamoja, anajipiga paja. Wale wazee watatu wa Kingoni walisimama wakaenda kukaa kwenye njia ya jikoni, wakasema chakula hakipiti mpaka wapewe kuku. Watu wakafurahi kabisa. Ilikuwa ni msiba wa mtu anayejulikana.

Halafu mtani akasema:

"Asubuhi ya mwisho…" Akasimama. "Ukurasa haupo. Jamani, ukurasa haupo! Kuna mwizi. Nani kaiba asubuhi ya mwisho ya mateka wangu? Mngoni hawezi kukosekana hapo."

Ua mzima ukalipuka kwa kicheko. Mama Lutengano akageukia kioo, akanyoosha kidole.

"We Osmundi! Wewe hapo! Rudisha ukurasa wa mume wangu!"

Alikuwa ananijua, miaka miwili nimekuwa nampita kwenye kioo nikimwambia amwache huyo mzee aolewe Songea.

Nikasema, "Ni mimi, mama. Niliuchukua mimi."

Wakacheka zaidi. Sauti inafika kule baada ya sekunde moja na kitu, kicheko kinarudi baada ya sekunde moja na kitu, kwa hiyo nilikuwa nawaona bado wanasubiri huku mimi nimeshasema.

"Mimi ndiye niliyemuua," nikasema.

"Si ndiyo kazi yenu!" akapaza sauti mzee mmoja wa Kihehe. "Tangu enzi za babu!" Mtu akapiga vigelegele. Mtu akasema, "Huyo atoe ng'ombe wawili!"

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Ningeweza kusema chochote. Mtani hachukuliwi maneno yake, ndiyo maana ya mtani. Ningeweza kusimulia kila kitu, mstari kwa mstari, wakafa kwa kicheko, na mimi ningekuwa nimesema, na ningelala. Mama Ndeonasia tu ndiye aliyeacha kukunja kitambaa. Alikuwa ananitazama.

Nikasimama. Nikavua kofia ya kazini. Nikapiga goti moja mbele ya kioo, nikainamisha kichwa, nikasema:

"Shikamoo, mama."

Sekunde moja na kitu kwenda. Sekunde moja na kitu kurudi. Nikamwona neno linamfika. Kicheko kilikatika usoni kwake kabla ya wengine, akanyoosha mkono kuwanyamazisha. Hakuitikia marahaba. Alisogea karibu na kioo mpaka nikaona mishipa ya macho.

"Kuna nini?" akauliza taratibu. "Osmundi. Kuna nini?"

Nikamwambia. Ramani, daftari, salamu, mistari miwili. Nilimweleza kwa maneno ambayo hata bibi yangu angeelewa. Nikamwambia alisema salama na mimi nilikuwepo, nikaendelea kunywa chai. Nikamwambia ukurasa ninao, nautuma sasa hivi. Nikabonyeza mbele yake.

Kuku yule akapita tena. Wale wazee wa Kingoni walitoka kwenye njia ya jikoni, mmoja mmoja, wakaenda kukaa na wengine.

"Nimesikia," alisema mama Lutengano. Mtu akazima kioo.

*

Mama Ndeonasia aliandika ripoti, hakuficha kitu. Kampuni ikajibu kwamba mabadiliko yalifuata utaratibu, yalipitishwa, hakuna kosa, na kazi ya Ijumaa iendelee. Nilisoma mara moja tu. Nilitamani waniandikie kwamba nimeharibu. Nilitamani mtu anifokee.

Ijumaa nikawaondoa watani. Wangu nilimwacha mwisho. Aliniuliza kwa nini soksi zangu bado ziko sakafuni. Nikaziokota, nikamwonyesha, ndipo nikafuta.

Tangu hapo asubuhi ni hivi:

"Habari za asubuhi, mfanyakazi."

Siku moja nilijibu, "Nimekufa."

"Vizuri. Kazi njema."

Siku nyingine nilijibu kwa kukohoa. Siku nyingine sikujibu kabisa, nikakaa kitandani natazama ukuta. Vizuri. Kazi njema. Mama Ndeonasia alihamia kwenye mashine ya kuchimba, tunakutana wakati wa chakula, tunapitishiana chumvi. Chombo cha kunirudisha ni baada ya miezi minne. Siku moja ya huku ni kama mwezi mzima, jua linazunguka chini chini ukingoni kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Nilianza kujibu kwa neno moja. Nilijua maana yake, nimeshaeleza mwanzoni maana yake, na bado nilikuwa najibu kwa neno moja. Nilikuwa nimeanza kuangalia mlango wa nje.

Siku ya ishirini na moja tangu ile Ijumaa, ukuta umeshamaliza na kazi njema yake, simu ya Dunia ikalia. Saa moja asubuhi kamili, saa ile ile ya salamu. Kioo kikawaka. Turubai lilishatolewa. Mama Lutengano alikuwa peke yake uani, kajifunga kanga mbili, kavaa ile kofia ya Kikoti juu ya kilemba, na usoni hakuna msamaha wala hasira, alikuwa tu kama mtu aliyekuja kufanya kazi.

"We mateka!" akafoka. "Mla panya wa Songea! Uko hai, au nimehangaika bure tangu alfajiri kutafuta mtandao?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na matusi ya miaka miwili, ya kumtosha yeye na ukoo wake. Hayakutoka.

"Salama, mama," nikasema.

Nikahesabu. Moja na kitu kwenda. Moja na kitu kurudi. Alitakiwa kuwa ameshajibu. Aliivua ile kofia, akaiweka mapajani, akasogea karibu.

"Umejibu nini?"

"Nimesema salama."

"Osmundi, kaa chini. Hapo hapo ulipo, usiende popote." Akageuka akapaza sauti kwa mtu wa ndani, "Lutengano! Mpigie yule mama, mkuu wao wa kambi, upesi, mwambie aende kwa huyu mtoto!" Halafu akarudi kwangu, sauti imeshuka, na macho yake hayatoki usoni kwangu.

"Haya niambie. Unaumwa wapi?"